Kuipangia Roboti ya Kiwandani Kazi Kupitia Wingu: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Unimate, roboti ya kwanza ya kiwandani, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Ilipelekwa hadi kwenye nafasi inayotakiwa, nafasi ikahifadhiwa kwenye ngoma ya sumaku (kifaa cha kuhifadhia data cha enzi hizo), kisha ikairudia kutwa nzima bila kuchoka. Zaidi ya miaka 60 imepita, lakini nenda kwenye viwanda vingi utamkuta fundi ameshika rimoti ya kufundishia, anausogeza mkono kidogo kidogo, anahifadhi nukta, anausogeza tena. Ngoma ya sumaku haipo tena. Utaratibu ni uleule.

Kinachozaliwa hapo ni programu ya nukta tupu: nenda P[1], nenda P[2], funga gripa (kifaa cha kushikia kilicho mwishoni mwa mkono), nenda P[3]. Aliyeiandika akihama kazi, hakuna anayejua P[17] iliwekwa kwa sababu gani, na hakuna anayethubutu kuifuta. Juu ya hapo kila mtengenezaji ana lugha yake: ABB wana RAPID, KUKA wana KRL, Yaskawa wana INFORM, Universal Robots wana URScript. Anayejua kuchomelea hajui KRL, na anayejua KRL huenda hajawahi kushika mashine ya kuchomelea. Kazi inakwama kati ya hao wawili.

Niseme mapema kwamba wingu, yaani kompyuta za mbali unazozifikia kwa intaneti, peke yake halirahisishi chochote. Chukua programu ya nukta 200 uihamishie kwenye seva ya mbali, utabaki na programu ngumu ileile, tena sasa inategemea intaneti. Urahisi huja pale mtu anapoweza kutaja kazi badala ya kutaja nukta. Wingu linaingia hapo kama msaidizi: lina nguvu ya kukokotoa, lina mahali pamoja pa kuhifadhi kila toleo la programu, na linafunguka kwa brauza bila kusakinisha kitu kwenye kila kompyuta.

Kama una roboti moja inayofanya jambo lilelile mwaka hadi mwaka, achana na mambo haya. Mfundishe nukta zake na uendelee na shughuli zako. Mfumo wa wingu unalipa pale bidhaa zinapobadilika mara kwa mara: kupanga maboksi ya ukubwa tofauti kwenye paleti, kulisha mashine za kukata chuma, kuchomelea vipande vya maumbo mengi kwa idadi ndogo ndogo.

Hatua ya 1: Gawa maamuzi kwa kipimo cha muda

Kabla ya kununua chochote, orodhesha kila uamuzi unaofanyika kwenye kituo chako cha roboti. Mbele ya kila uamuzi andika jibu linaweza kuchelewa kiasi gani kabla ya kitu kuharibika. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia nini kikae wapi.

Fizikia haibembelezwi. Mwanga ndani ya nyaya za fiba husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kituo cha data kilicho umbali wa kilomita 1,000 hakiwezi kukujibu chini ya milisekunde 10 kwenda na kurudi, na hapo bado hujahesabu swichi, ruta na foleni za mtandao. Upande wa pili, mkono unaokwenda mita 1 kwa sekunde husogea milimita 100 katika milisekunde 100. Njia za kuurekebisha mkono ukiwa katika mwendo zinadai kasi kubwa: EGM ya ABB hupokea masahihisho hadi kila milisekunde 4, na roboti za e-Series za Universal Robots hubadilishana data mara 500 kwa sekunde. Hakuna intaneti ya kawaida inayoweza kuahidi hivyo kila saa ya siku.

Basi kila kinachohesabiwa kwa milisekunde kibaki ndani ya kidhibiti cha roboti, yaani kompyuta yake inayouendesha mkono. Kinachohesabiwa kwa sehemu za sekunde, kama kusoma picha ya kamera na kuamua kipande kipi kichukuliwe, kikae kwenye kompyuta iliyo palepale kiwandani. Vinavyoweza kusubiri sekunde au dakika ndivyo vya wingu: kuandika programu, kuijaribu kwa uigaji, kutafuta njia nzuri ya mkono, kuhifadhi matoleo, kuchambua kumbukumbu za hitilafu.

Usalama hauingii katika mgawanyo huu hata kidogo. Kitufe cha kusimamisha dharura, swichi ya lango la uzio na pazia la mwanga (miali inayoisimamisha roboti mtu akiikatiza) vinaunganishwa kwa waya au kwa mtandao maalumu wa usalama hadi kwenye kidhibiti cha usalama. Mtu akikuuzia mfumo ambao kitufe cha dharura kinapita kwenye seva, mfungie mlango.

Hatua ya 2: Weka kompyuta ya kando

Roboti yenyewe usiiunganishe na intaneti. Weka kompyuta ndogo ya viwandani, zile zisizo na feni zinazofungwa ndani ya kabati la umeme, yenye milango 2 ya mtandao: mmoja unaelekea kwa roboti, mwingine unaelekea nje. Ndiyo itakayokuwa mpokeaji, mkaguzi na mtunza akiba.

Upande wa ndani, zungumza na kidhibiti kwa njia kinayoikubali. Vidhibiti vingi vya kisasa vinaweza kutumia OPC UA, itifaki ya mawasiliano ya viwandani ambayo kwa kawaida husikiliza kwenye mlango wa 4840 (mlango wa programu, yaani port, si tundu la waya), na baadhi vina viunganishi vya ROS 2, jukwaa huria la programu za roboti. Upande wa nje, MQTT, itifaki ya kutuma ujumbe mfupi mfupi, inafaa sana. Itifaki hiyo ilibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, kwa hiyo imezoea mtandao mwembamba na unaokatika.

Mambo matatu hapa usiyapuuze. Kompyuta ya kando ndiyo ianzishe mawasiliano kwenda nje, kwa MQTT iliyosimbwa kwenye mlango wa 8883, wala usifungue mlango wowote wa kuingilia kutoka nje. Kila ujumbe uwe na namba yake, ili ukifika mara mbili (na utafika mara mbili) kazi isifanyike mara mbili. Na kila kifaa kiwe na cheti chake cha kidijitali cha kujitambulisha. Neno la siri moja la kiwanda kizima likivuja, kiwanda kizima kimevuja. Familia ya viwango vya IEC 62443 inaeleza namna ya kutenganisha mitandao ya viwandani kwa kanda, na inafaa kusomwa mapema kuliko kusomwa baada ya kudukuliwa.

Hatua ya 3: Pima, kisha pima tena

Hapa ndipo miradi mingi ya namna hii huchafuka, na sababu yake haionekani kirahisi.

Watengenezaji wa roboti hutangaza uwezo wa kurudia: mkono ukifundishwa nafasi, utarudi palepale kwa tofauti ya milimita 0.05 hivi. Hiyo ni kweli, na ndiyo maana mtindo wa kufundisha nukta umedumu. Lakini kurudia si sawa na kuwa sahihi. Ukiuambia mkono uende X 800, Y 200, Z 300, nafasi uliyoihesabu kichwani au kwenye kompyuta, unaweza kukosea kwa milimita 1 au zaidi kama roboti haijasawazishwa. Nukta ya kufundishwa huficha kosa hilo kwa sababu fundi amelirekebisha kwa jicho lake. Nukta iliyokokotolewa kwenye wingu hulianika. Ndiyo maana mtu huhamia kwenye programu za kisasa, halafu anashangaa roboti iliyokuwa sahihi jana leo inagonga ukingo wa kishikizo.

Anza na ncha ya kifaa, yaani ile nukta ya gripa au bunduki ya kuchomelea ambayo mahesabu yote yanaielekea. Simamisha pini yenye ncha kali mezani, iguse kwa ncha ya kifaa kutoka pande 4 zinazotofautiana sana, kisha kidhibiti kitakokotoa chenyewe. Usiridhike na namba kinayokupa. Agiza mkono uzunguke huku ncha ikibaki mahali pamoja, uinamie pini na uangalie kwa jicho. Ncha ikitembea hata milimita 2 wakati mkono unazunguka, rudia zoezi zima.

Fuata na fremu ya meza, yaani mfumo wa X, Y na Z unaoieleza roboti meza iko wapi, ambayo kwa kawaida hupimwa kwa nukta 3: chanzo, nukta moja kwenye mstari wa X, na nyingine upande wa Y. Zitawanye mbali. Kosa la milimita 0.5 kwenye nukta zilizoachana milimita 100 linageuka kosa la milimita 5 ukifika mwisho wa meza ya mita 1. Kosa hilohilo kwenye nukta zilizoachana mita 1 linabaki milimita 0.5.

Mwisho, ingiza uzito wa gripa na wa mzigo, pamoja na mahali kitovu cha uzito kilipo. Watu huacha namba ya kiwandani ikae ilivyo. Baadaye roboti inasimama na kudai imegonga kitu wakati hewa ni tupu, kwa sababu nguvu ya mota hailingani na uzito ulioandikwa.

Hatua ya 4: Jenga maktaba ya stadi

Sasa tunafika kwenye urahisi wenyewe. Stadi ni kitendo kimoja kamili chenye maana kwa mfanyakazi: chukua, weka, chomelea mstari, kagua, subiri mashine. Nukta zinajificha ndani yake.

Tuitazame «chukua» kwa karibu. Kwa nje inauliza maswali 2 tu: kitu gani, na kutoka wapi. Ndani yake kuna mambo mengi. Mkono unakuja kwa kasi hadi milimita 80 juu ya kitu. Unashuka taratibu. Unafyonza au unabana kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kadi ya kitu hicho, yaani rekodi yake kwenye mfumo. Unasubiri ushahidi: swichi ya ombwe imewaka, au vidole vya gripa vimesimama kwenye upana unaotarajiwa badala ya kujifunga hadi mwisho. Ushahidi usipokuja ndani ya sekunde 1, mkono unainuka, unajaribu tena mara moja, kisha unasimama na kumwita mtu. Ukifaulu, unainuka wima kwanza kabla ya kwenda kando, ili usiburute kipande cha jirani.

Kila stadi iwe na mambo manne yaliyoandikwa wazi: masharti ya kuanza, kinachofanyika, ushahidi kwamba imefanikiwa, na la kufanya ikishindikana. Hilo la mwisho ndilo linalorukwa zaidi, na ndilo linaloamua kama opareta wa zamu ya usiku ataupenda mfumo wako au atauzima.

Anza na stadi 5 au 6, si 40. Mtu akikuomba stadi mpya, mwulize kwanza kama haiwezi kuundwa kwa kuunganisha zilizopo. Majina yatoke kwa watu wa kiwandani. Kama wao wanasema «trei ya kushoto», mfumo useme trei ya kushoto, wala si «eneo la pembejeo A».

Hatua ya 5: Andika vigeuzi kwa kila aina ya roboti

Kati ya stadi na kidhibiti unahitaji kigeuzi, programu ndogo inayoishi kwenye kompyuta ya kando na kufasiri «chukua» kwa lugha ya roboti husika. Inaonekana kazi ndogo mpaka ufike kwenye mzunguko wa mkono. ABB huueleza kwa kwaternioni, namba 4. KUKA hutumia pembe za A, B na C. FANUC hutumia W, P na R, na Universal Robots hutumia vekta ya mzunguko yenye namba 3 kwa radiani. Chagua mfumo mmoja wa kuhifadhi kwenye wingu (kwaternioni ndiyo yenye matatizo machache) na uugeuze mwishoni kabisa, sehemu moja tu ya msimbo.

Kulainisha kona, yaani mkono kupita karibu na nukta bila kusimama juu yake, nako ni mtego. Kwenye RAPID unaandika z10 ukimaanisha ukanda wa milimita 10 kuzunguka nukta. Kwa FANUC unaandika CNT na namba kutoka 0 hadi 100, ambayo si milimita, na umbo la kona hubadilika kasi ikibadilika. Hakuna ubadilishaji wa moja kwa moja kati ya hizo mbili. Kwenye stadi andika umbali wa juu ambao mkono unaruhusiwa kuiacha nukta, kisha kila kigeuzi kitafute namba yake, na uhakikishe kwa kupima.

Hatua ya 6: Tengeneza skrini anayoielewa asiye mwanaprogramu

Bloku za kuburuta na kuunganisha zimeshajithibitisha. Google ilitoa Blockly mwaka 2012 ikiwa wazi kwa yeyote, inafanya kazi ndani ya brauza, na unaweza kuziandika bloku zake kwa Kiswahili. Kila stadi iwe bloku moja. Pembeni weka picha ya kituo ya 3D, na mtu akigusa bloku, mkono kwenye picha uonyeshe hatua hiyo.

Lakini bloku ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ujumbe wa hitilafu, na binafsi ningeanza na huo. Roboti ya FANUC ikisimama na kuandika SRVO-050, mwenye uzoefu anajua ni kengele ya kugundua mgongano. Mgeni anaona herufi na namba. Kompyuta ya kando inaweza kuikamata na kuonyesha: «Mkono umehisi mgongano ukiwa kwenye “weka kwenye trei ya kushoto”. Angalia kama kuna kitu kimeziba njia. Kama hakuna, hakiki uzito wa kipande ulioandikwa.» Tafsiri hitilafu 20 zinazotokea mara nyingi kiwandani mwako, simu za usiku zitapungua hata kabla mtu hajaburuta bloku yoyote.

Kisha mwite opareta ambaye hakushiriki kujenga mfumo, mpe kazi ya kubadilisha mpangilio wa maboksi, na ukae kimya nyuma yake. Usimwelekeze. Kila anaposita, skrini ina kasoro.

Hatua ya 7: Jaribu kwenye wingu kabla ya chuma

Roboti ielezwe kwa faili la URDF (faili linaloeleza viungo na maumbo ya roboti), ongeza maumbo ya meza, uzio na mashine, kisha tumia zana kama MoveIt na Gazebo kukokotoa na kuiga mwendo. Hapa wingu linaonyesha nguvu zake kweli: badala ya kujaribu njia moja kwenye kompyuta ya ofisini, unaendesha mamia kwa pamoja, kila moja ikiwa na kipande kilichosogea kidogo au kugeuka kidogo, na unaona zipi zinashindwa.

Kagua mkono kama unafika, kama hakuna mgongano, na kama hakuna kiungo kinachokaribia mwisho wa mzunguko wake. Angalia pia singulariti, zile nafasi ambapo viungo viwili vinalingana mhimili na kiungo kimoja kinalazimika kuzunguka kwa kasi kubwa ili ncha isogee kidogo. Kwenye roboti ya viungo 6 hutokea hasa kiungo cha 5 kinaponyooka.

Uigaji una upofu wake. Hauoni bomba la hewa linalojisokota kwenye kifundo cha mkono, karatasi laini inayoteleza kwenye kikombe cha ombwe, wala jua la saa kumi linaloingia dirishani na kuipofusha kamera.

Hatua ya 8: Shusha programu kwa utaratibu

Programu isisukumwe kutoka kwenye wingu hadi ikaanza kazi yenyewe. Iwekwe kwenye hifadhi ya matoleo, Git inatosha, ipitiwe na mtu wa pili, ipewe namba na alama ya uthibitisho. Kompyuta ya kando ndiyo iichukue, ihakiki alama hiyo, kisha isubiri. Anayebonyeza «anza» ni mtu aliyesimama pale, anayeiona roboti kwa macho yake.

Mara ya kwanza iendeshwe katika hali ya kuongozwa na mtu kwa kasi ndogo. Viwango vya ISO 10218 vinaweka ukomo wa milimita 250 kwa sekunde kwa hali hiyo, na mtu awe ameshika swichi ya idhini yenye hatua 3: ukiiachia au ukiibana kwa hofu, mkono unasimama. Pitisha mzunguko mmoja bila kipande, mmoja na kipande, kisha pandisha kasi taratibu. Toleo la zamani libaki kwenye kompyuta ya kando, tayari kurudishwa kwa kitufe kimoja bila kuhitaji intaneti.

Hatua ya 9: Chomoa waya

Roboti ikiwa katikati ya kazi, chomoa waya wa intaneti. Mzunguko unapaswa kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, kumbukumbu zijikusanye kwenye kompyuta ya kando, na skrini iseme tu kwamba wingu halipatikani. Baada ya saa moja rudisha waya: kumbukumbu zipande kwa mpangilio wa muda zilipoandikwa, na hakuna agizo la zamani litakaloibuka na kuanza kutekelezwa. Kwa sababu hiyo kila agizo liwe na muda wa kuisha.

Fanya jaribio hilohilo kwa waya kati ya kompyuta ya kando na roboti. Hapo jibu ni tofauti: mkono usimame kwa utaratibu, na usianze tena wenyewe mawasiliano yakirudi.

Kuna aina nyingine ya kukatika ambayo wengi hawaipangii, nayo ni huduma yenyewe kufungwa. AWS RoboMaker, huduma ya Amazon ya kuendeleza na kuiga roboti kwenye wingu, ilizinduliwa mwaka 2018 na ikasitishwa Septemba 2025. Waliokuwa wameifungia kila kitu ndani yake walilazimika kuhama. Kwa hiyo hifadhi nje ya huduma unayotumia maktaba ya stadi, vigeuzi, faili za URDF, vipimo vya fremu na ncha, na kila toleo la programu, vyote katika miundo ya wazi. Chukua kompyuta tupu, rejesha kila kitu kutoka kwenye nakala hiyo bila kugusa akaunti ya wingu, na uone kama mkono unamaliza mzunguko mmoja kamili. Usipomaliza, kilichokosekana kiingize kwenye nakala na urudie.